Sandwichi ya jibini ya kikaangoni: tumwage hapa mbinu zote, kuanzia moto hadi ganda la nje

#1 Mwiko Mrefu

Wakuu, salaam.

Ukimuuliza mtu namna ya kunogesha sandwichi ya jibini atakuorodheshea vya kutia ndani. Weka hiki, ongeza kile, mpaka slesi hazifungani tena. Mimi naona ubunifu wote wa kitu hiki uko kwenye moto. Una vitu viwili mkononi vyenye mwendo tofauti: mkate unaowahi kupata rangi, na jibini linaloyeyuka kwa wakati wake. Kazi ya mpishi ni kuvifikisha pamoja. Ukiliweza hilo, ya kutia ndani utajitungia mwenyewe.

Uso wa mkate unaanza kupata rangi ya kahawia na ile harufu yake ukivuka nyuzi joto 140 hivi za Selsiasi. Ni mmenyuko wa sukari na protini ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Jibini lenyewe halihitaji joto kubwa kiasi hicho. Majibini laini hulegea kwenye nyuzi 55 hivi, cheddar karibu na 65, Parmesan hadi 82. Ukitazama namba hizo utadhani jibini litatangulia. Wapi! Jibini limefunikwa pande zote, na mkate umejaa vitundu vya hewa ambavyo joto linavipita kwa taabu. Ndiyo maana moto mkali unakupa slesi nyeusi nje, na ndani jibini bado limekaa kipande kizima.

Namna yangu ya msingi ni hii. Slesi mbili za unene wa sentimita moja au moja na nusu. Jibini gramu 50 hadi 60, likwaruzwe kwenye greta, lisiwe bonge. Moto uwe kati ya mdogo na wa wastani. Weka sandwichi kikaangoni, tia matone machache ya maji pembeni, mbali na mkate, ufunike kwa dakika moja. Mvuke unaingia na kulegeza jibini wakati chini mkate unajipatia rangi taratibu. Kisha funua, la sivyo mkate utalowa. Upande wa kwanza unachukua dakika 4 au 5, wa pili mara nyingi 3 zinatosha kwa sababu ndani kumeshapata joto.

Ikishaiva usiitupe moja kwa moja kwenye sahani. Iegemeze kwenye waya, au ilaze juu ya uma mbili, dakika moja tu. Mvuke ukikosa pa kutokea unarudi kwenye ganda ulilohangaika nalo.

Nawasilisha. Wengine shusheni za kwenu.

#2 Slesi Mbili

Nimekaa kiti cha mbele hapa. Swali la haraka mkuu: siagi unaipaka kwenye mkate au unaiyeyusha kikaangoni?

#3 Mwiko Mrefu

Kwenye mkate, na uifikishe hadi kwenye kona. Ukiyeyusha kikaangoni, slesi inafyonza siagi pale ilipotua tu, kwingine inabaki kavu na madoadoa. Siagi iwe imelainika kwanza. Ikiwa ngumu utachana mkate.

Halafu tumia masikio. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, maji kama asilimia 16, na kilichobaki ni chembe za maziwa. Kelele unayoisikia mwanzoni ni maji yanaondoka. Kelele ikipungua hadi mnong'ono ndipo rangi inaanza kushika, kwa hiyo hapo ndipo uinue kona moja kwa mwiko uchungulie. Kabla ya hapo kufunuafunua ni kupoteza joto bure.

#4 Bi Kikaango

Mwiko Mrefu umesema vyema, ila kwenye siagi nakupinga. Mayonezi, ndugu yangu. Paka mayonezi nje ya slesi uone.

Kwanza inapakika ikiwa imetoka kwenye friji sasa hivi. Pili haiungui upesi kama siagi, kwa sababu zile chembe za maziwa ndizo hugeuka nyeusi mapema, na mayonezi haina. Ni mafuta, yai na siki. Yai linasaidia rangi ishike sawasawa uso mzima, utadhani mkate umepakwa rangi kwa brashi. Paka nyembamba sana lakini. Ukiweka nene, sandwichi inatoka na utelezi wa mafuta mdomoni.

#5 Mzee wa Ganda

Bi Kikaango, rangi nakubali. Ladha je? Mayonezi inatoa ganda zuri lisilo na la kusema. Siagi ikishaiva ina harufu kama ya njugu, na hiyo ndiyo nusu ya sandwichi. Mkate wenyewe hauna ladha kubwa, jibini limejificha ndani, sasa ukiondoa na siagi unabaki na nini?

#6 Bi Kikaango

Mzee shikamoo, naona leo umeamka na siagi yako 😄

Basi tusuluhishe. Paka mayonezi nje, pika kama kawaida. Dakika ya mwisho ya kila upande, tupia kijipande cha siagi kikaangoni na uitembeze sandwichi juu yake. Rangi ya kwangu, harufu ya kwako.

#7 Mzee wa Ganda

Marahaba. Hiyo naipokea.

#8 Nusu Maabara

Naona mnagombania nje, ngoja niingie ndani. Jibini.

Jibini ni wavu wa protini (kasini) ulioshikizwa na kalsiamu, na ndani ya wavu kuna mafuta na maji. Ukilipasha moto, kwanza mafuta yanalegea, halafu wavu wenyewe. Jibini changa lina maji ya kutosha na wavu wake bado mzima, ndiyo maana linatiririka vizuri. Jibini lililokomaa miezi mingi limepoteza maji, na protini zake zimekatikakatika. Ladha yake ni kali, lakini kwenye joto linajitenga: mafuta yanavuja upande wake, chenga zinabaki upande wake. Kwa hiyo changanyeni. Theluthi moja cheddar kongwe kwa ajili ya ladha, theluthi mbili kitu changa kinachoyeyuka kwa utulivu, Gouda changa, fontina au mozzarella. Gruyère nayo ni nzuri sana, ina ladha na inayeyuka.

Msinunue lililokwaruzwa tayari kwenye mfuko kama mna namna nyingine. Hupakwa wanga au selulosi ili nyuzi zisigandane, na ule unga unazuia jibini kuungana vizuri likiyeyuka.

Sasa, kuna watu wanadharau jibini la kusindikwa, lile la vipande vya mraba. Kwa sandwichi hii mimi silidharau. Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, mwaka 1911 walilipika jibini pamoja na chumvi za sitreti (zinazotokana na asidi ya sitriki, ile ya ndimu), na kule Marekani James L. Kraft akapata hataza ya njia yake mwaka 1916. Chumvi hizo huibana kalsiamu, protini zinaachiana na kuyashika mafuta yasivuje. Ndiyo sababu jibini hilo halijitengi hata ulichome vipi. Kasoro yake ni ladha tu.

Na kasoro hiyo unaiondoa nyumbani. Tafuta sodiamu sitreti, inauzwa kama kiungo cha chakula. Kwa kila gramu 100 za jibini zuri ulipendalo, chukua gramu 4 hivi za sitreti na mililita 50 za maji. Chemsha maji na sitreti, punguza moto, tia jibini kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka liwe laini kabisa. Mwaga kwenye trei uliyotandika karatasi ya kuokea, liwe tabaka jembamba, liache friji saa mbili hivi, kata mraba. Hapo una vipande vinavyoyeyuka kama vya dukani, lakini ni Gruyère na cheddar kongwe. Kwangu mimi hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote kwenye uzi huu, nimekaa pale.

#9 Slesi Mbili

Mkuu Nusu Maabara, mimi nilitumia halloumi. Nikapika, nikafunika, nikapunguza moto, nikangoja. Halijayeyuka hadi sasa. Nilibadilishe au?

#10 Nusu Maabara

Ngoja hadi kesho pia, halitayeyuka 😂

Halloumi likishaganda hupikwa kwenye maji yake ya maziwa yakiwa karibu kuchemka, kwa hiyo protini zimeshashikana kabisa. Paneer na ricotta ni kundi jingine lakini matokeo ni yaleyale: hugandishwa kwa joto na tindikali, ile kalsiamu ya kushikiza wavu imeondoka, na zikipata moto protini zinabanana zaidi.

Ila halloumi lina matumizi yake. Likate vipande vya nusu sentimita, yakaushe kwa kitambaa, yachome kikaangoni bila mafuta hadi yawe na ganda la dhahabu. Halafu yatumie kama kitu cha kutafuna ndani ya sandwichi, na jibini la kuyeyuka liwe gundi juu na chini yake. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: halloumi lenyewe linakuwa slesi, ndani unatia mozzarella na nyanya, mkate haupo kabisa. Chumvi inakuwa nyingi, kwa hiyo kipande kimoja kidogo kinatosha.

#11 Dada Chenga

Mimi naleta ganda la jibini nje. Wengi mtakuwa mnalijua, ila namna ya kulifanya lisigande kikaangoni ndiyo shida.

Kikaango kiwe kile kisichogandisha. Moto wa wastani. Nyunyiza Parmesan iliyokwaruzwa laini, ukubwa wa slesi yako, tabaka jembamba ambalo bado unaona kikaango katikati ya chenga. Acha. Itayeyuka, itatoa mapovu, kingo zitaanza kuwa rangi ya asali. Hapo ndipo uweke slesi juu yake, upande uliopaka siagi ukiangalia chini, kisha jibini la ndani, kisha slesi ya pili. Ukibana kidogo kwa kiganja cha mwiko, mkate unashikana na ganda.

Sasa subira. Ukijaribu kuinua likakataa, halijawa tayari, usilikwangue. Likishakauka linajiachia lenyewe, unatikisa kikaango sandwichi inateleza nzima. Hamisha pembeni, nyunyiza Parmesan nyingine, geuza juu yake.

Ndani ya sandwichi ya namna hii msitie vitu vingi. Ganda lina chumvi na kelele ya kutosha.

#12 Mzee wa Ganda

Dada Chenga umenifurahisha na jina nimelipenda. Nyongeza: zile chenga zinazovuja pembeni zikawa nyavu za kahawia, hizo ni za mpishi. Mgeni haulizwi.

#13 Kona ya Nyanya

Wakuu, nisaidieni. Nikitia nyanya, mkate unalowa katikati unakuwa uji. Naipenda nyanya siwezi kuiacha.

#14 Mwiko Mrefu

Kona ya Nyanya, tatizo ni maji, na dawa zake zipo.

Kata nyanya vipande vyembamba, toa mbegu na ule ute wake, nyunyiza chumvi, zilaze juu ya kitambaa au karatasi ya jikoni dakika 15, kisha zigandamize zikauke. Pili, nyanya isiguse mkate. Jibini chini, nyanya katikati, jibini juu. Likiyeyuka linaifunga. Tatu, upande wa ndani wa slesi uchome kidogo kabla ya kupanga, utengeneze ngozi kavu isiyofyonza upesi. Hii ya tatu nawashauri hata kwa wasiotumia nyanya. Jibini linagusa uso wenye moto tayari, linaanza kazi mapema, na unapata ukavu wa pande nne badala ya mbili.

Au toa nyanya nje kabisa, ipike supu nzito, na sandwichi uikate vidole uichovye. Tindikali ya nyanya inakata mafuta ya jibini, kila tonge linakuwa jipya. Kwa sababu hiyohiyo haradali, matango ya siki na kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachushwa) vinakaa vizuri ndani. Kamua kimchi kwanza, na uikaange dakika mbili.

Utamu nao usidharauliwe. Tufaha kali la kijani lililokatwa kama karatasi, na cheddar. Peasi na jibini la buluu, na pilipili manga. Vitunguu vya kukaanga polepole kwa siagi, kama dakika 40 mpaka vinyong'onyee kabisa viwe kama jemu, na Gruyère. Asali yenye pilipili, paka nje ikiwa imeshatoka motoni. Ukiipaka kabla itaungua.

Mipaka: kitu kimoja chenye maji, kimoja chenye uchachu au utamu, basi. Vikizidi, jibini halifikii slesi ya pili, na ukiigeuza inafunguka.

#15 Chumba Na. 9

Nyie wenye majiko mnafaidi. Sisi wa bwenini jiko haliruhusiwi, tuna pasi ya nguo tu. Cheka mcheke, inafanya kazi.

Nipangie slesi, jibini jembamba, mayonezi nje. Ifunge yote kwenye foili, mkunjo uwe juu usivuje. Pasi iwe kavu, bila mvuke, kwenye nukta mbili. Nukta mbili ni nyuzi 150 mwisho, nukta tatu inafika 200 na hapo utachoma. Chini weka ubao, juu iweke pasi bila kuikandamiza, dakika nne, geuza, dakika nne. Simama hapohapo. Shati usilipige pasi mpaka umehakikisha hakuna mafuta yaliyopenya foili.

#16 Bi Kikaango

Mwanangu una akili, lakini kwanza uliza kama pasi inaruhusiwa kutumika hivyo, moto wa bwenini hauna mchezo.

Na kwa wote: kuna ile mbinu ya kuilaza toasta kwa ubavu na kusukumia mkate wenye jibini ndani. Msifanye. Jibini na mafuta yanadondokea nyaya zenye moto, na toasta nyingine zikimaliza zinarusha mkate nje. Kama una toasta tu, choma slesi kavu kwanza, panga jibini katikati, kisha sekunde 20 kwenye maikrowevu likalegee. Si tamu kama ya kikaango, ila ni salama na inalika.

Wenye mashine ya wafo, ile ya vijisanduku, ijaribuni. Kila kijisanduku kinakuwa na ukingo mkavu, na jibini linajaa kwenye mashimo. Mkate uwe laini, wa jana utapasuka.

#17 Msafiri wa Sahani

Tusisahau ndugu za sandwichi hii, kila mmoja kalitatua lile suala la moto kivyake.

Croque-monsieur ya Ufaransa: nyama ya nguruwe na Gruyère ndani (kuku wa kuvuta moshi anafaa pia), halafu juu inamwagiwa béchamel (mchuzi mweupe wa siagi, unga na maziwa) na jibini zaidi, inaingia oveni moto ukitoka juu. Kwa hiyo jibini moja linaivia ndani, jingine linaungulia nje. Ukiweka yai la jicho juu inakuwa croque-madame.

Mozzarella in carrozza ya Italia ya kusini ndiyo naipenda zaidi. Mkate unakatwa ukoko, mozzarella iliyokaushwa vizuri inawekwa katikati isifike ukingoni, kingo zinabanwa. Unapaka unga, unaizamisha kwenye yai lililopigwa, uiache inywe kidogo, kisha mafuta ya moto. Yai linafunga kila upenyo, jibini halivuji. Ule ikiwa ya moto. Ikipoa mozzarella inakuwa mpira.

Welsh rarebit haifuniki kabisa: jibini linapikwa kuwa mchuzi mzito na bia na haradali, linamwagwa juu ya slesi iliyochomwa, linapitishwa chini ya moto wa juu. Asiyetumia bia atie maziwa.

#18 Kona ya Nyanya

Nimejaribu ile ya chumvi na kuchoma ndani kwanza. Mkate mkavu mpaka tonge la mwisho! Mwiko Mrefu ubarikiwe.

Sasa nina wageni kumi Jumamosi. Siwezi kusimama kikaangoni nageuza mbili mbili, wa kwanza atamaliza kabla wa mwisho hajaanza.

#19 Mwiko Mrefu

Tumia oveni. Weka trei ndani uwashe nyuzi 220, trei ipate moto pamoja na oveni. Panga sandwichi zako zilizopakwa pande zote kwenye trei hiyo, zianze kuimba zikigusa tu. Juu tandika karatasi ya kuokea na trei ya pili, nayo ikiwa ya moto. Hiyo ya juu inachoma upande wa juu na kuzibana kidogo, huhitaji kugeuza. Zichungulie kuanzia dakika ya 8. Slesi ziwe za unene mmoja, maana trei ya juu itakaa juu ya zile nene na nyembamba zitabaki bila rangi. Hapa ndipo mkate wa kukatwa kwa mashine unapomshinda mkate wa kukata kwa mkono. Mashine hizo zimekuwepo tangu 1928, ile ya Otto Rohwedder ilipoanza kukata mkate wa kuuza mjini Chillicothe, Missouri.

Wenye kikaango cha hewa: nyuzi 190, dakika 4 kila upande, na uchome kijiti cha meno katikati. Bila kijiti feni inainua slesi ya juu, inaibandika juu kwenye waya.

#20 Slesi Mbili

Zikibaki je? Nikizipasha maikrowevu zinakuwa ngozi.

#21 Dada Chenga

Kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, bila siagi maana inayo tayari. Funika dakika mbili za mwanzo, funua, geuza, malizia bila kifuniko. Ikiwa imetoka friji, iache mezani kwanza kama dakika kumi. Na yale mabaki ya jibini yaliyoganda kikaangoni usiyasugue yakiwa ya moto, acha kikaango kipoe, yanabanduka kwa kucha.